Ukiwa wa Nchi na Ukiwa wa Mwanamke: Neno Shomemah katika Isaya 54:1

Utangulizi

Katika Agano la Kale liko neno moja la Kiebrania ambalo waandishi walilitumia kwa shamba lisilolimwa, kwa mji uliohamwa, kwa njia isiyopitwa na mtu, na pia kwa mwanamke aliyeketi peke yake. Neno hilo hutokana na shina shamem. Kutokana na shina hilo tunalo jina shemamah, yaani ukiwa, linalopatikana zaidi ya mara hamsini, hasa katika Yeremia na Ezekieli. Na tunalo umbo la kike shomemah, ambalo nabii analitumia katika Isaya 54:1 kwa mwanamke anayeamriwa kuimba.

Makala hii ina shabaha moja. Tunataka kuonyesha kwamba Tafsiri ya Muungano ya 1952, ambayo washarika wetu wengi wanaijua kwa moyo, imekata uzi wa neno hili mahali ambapo nabii alitaka uonekane. Tunataka kuonyesha pia kwamba kukatika kwa uzi huo kumeyaelekeza mahubiri yetu mahali pasipofaa, na kwamba wanaoumia ni wanawake wasio na watoto katika sharika zetu.

Neno hili tutalisoma tukiwa na Buger mbele ya macho yetu. Kata hiyo iko upande wa kusini wa Wilaya ya Karatu, katika nchi ya juu ya Bonde la Ufa, jirani na msitu wa Marang. Huko shamba na msitu hupakana, na Wairaqw wanaoishi huko wana urithi wa desturi zinazohusu watu kutengwa na majirani zao. Yapo mambo ambayo msikilizaji wa Buger anaweza kutufundisha kuhusu shemamah kuliko kamusi zetu.

1. Maana ya shina shamem

Kamusi za Kiebrania hutoa maana mbili. Ya kwanza ni kuwa ukiwa, yaani kubaki bila watu. Ya pili ni kushikwa na bumbuwazi, kuduwaa kwa kitisho mbele ya jambo lililoonekana. Mwanafunzi anayeanza hudhani kwamba hapa pana maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Sivyo. Mambo hayo mawili ni tukio moja linalotazamwa kutoka pande mbili: mahali pameharibika, na apitaye anasimama, kinywa wazi. Ezekieli 36:34 huziunganisha pande hizo, kwa kuwa nchi inasemwa kuwa ilikuwa ukiwa machoni pa wote waliopita. Ukiwa wa shemamah daima una mtazamaji.

Jambo la pili la kuangalia ni kwamba shemamah si jina la jangwa. Kiebrania kina neno midbar kwa nyika, nayo midbar ni mahali pa malisho. Musa na Daudi walichunga huko. Kina pia maneno ya nchi kame isiyo na maji. Shemamah haielezi kwanza udongo wala mvua. Yaeleza mahali palipokuwa na watu, au palipopaswa kuwa nao, na sasa hawapo. Katika Isaya 33:8 njia kuu ndizo zilizo ukiwa, maana msafiri amekoma kupita. Mawe ya njia hayakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba hakuna ajaye. Katika Maombolezo 1:4 malango ya Sayuni ni ukiwa kwa sababu hiyo hiyo: hakuna aendaye kwenye sikukuu.

Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba shemamah huanzia kwa wale walioondoka, au waliozuiwa kuja.

2. Hazina ya Kiswahili

Kiswahili si maskini katika jambo hili. Tuna jangwa, nyika, pori na nchi kame. Tuna magofu kwa majengo yaliyobomoka. Na tunalo neno zuri mahame, yaani mahali palipohamwa na watu. Wazee wa Mbulu na Karatu wanaokumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976 hawahitaji kufafanuliwa mahame. Watu waliondolewa katika maboma yao wakapangwa vijijini, na nyuma yao zikabaki kuta na viwanja vilivyoota magugu.

Kwa mtu tunayo maneno mawili ambayo hayana budi kutofautishwa. Tasa, na pamoja nalo mgumba, husema juu ya uzazi. Mkiwa husema juu ya uhusiano: ni mtu aliyeondokewa na jamaa zake, aliyebaki peke yake. Mtu aweza kuwa tasa bila kuwa mkiwa, akiwa amezungukwa na ndugu na majirani wampendao. Na mtu aweza kuwa mkiwa ingawa amezaa. Kiebrania kina tofauti hiyo hiyo. Kwa utasa kuna 'aqarah, neno linalotumika kwa Sara, Rebeka, Raheli na mke wa Manoa. Inafaa tukumbuke pia kwamba Kumbukumbu la Torati 7:14 hulitumia neno hilo kwa jinsia zote mbili, 'aqar kwa mwanamume na 'aqarah kwa mwanamke. Torati ilijua kwamba mwanamume naye aweza kuwa tasa, jambo ambalo vikao vyetu vya ukoo husahau upesi.

Neno ukiwa, basi, ambalo wafasiri wa 1952 walilitumia mara nyingi kwa shemamah, ni chaguo bora kabisa. Lina nchi ndani yake, na lina mtu ndani yake. Wafasiri hao walikuwa na chombo kinachofaa mikononi. Swali letu ni kwa nini walikiweka chini katika Isaya 54:1.

3. Isaya 54:1 katika tafsiri

Katika mstari huo nabii anawataja wanawake wawili: shomemah na be'ulah, yaani aliyeolewa. Wafasiri wa Kiyunani wa kale waliandika eremos kwa shomemah, neno lile lile litumikalo kwa nyika, nalo ndilo Paulo alilolipokea katika Wagalatia 4:27. Tafsiri ya Kilatini ikaandika deserta, yaani aliyeachwa. Martin Luther katika Kijerumani chake akachagua Einsame, mpweke. Tafsiri ya Muungano ikasema "aliyeachwa", ikifuata kwa maana njia ya Kilatini.

Haki itendeke kwa wafasiri. Wanayo hoja. Katika mstari wa 6 wa sura hiyo hiyo Sayuni anafananishwa na mwanamke 'azubah, na hilo kweli ni neno la kuachwa. Tena katika 49:14 Sayuni mwenyewe analalamika kwamba Bwana amemwacha. Mfasiri aliyetaka picha moja ya sura nzima angeweza kuona kwamba aliyeachwa ni neno salama.

Hata hivyo tunaona kasoro tatu.

Kwanza, nabii mwenyewe anayatofautisha maneno hayo. Katika Isaya 62:4 yamewekwa sambamba, 'Azubah likiwa jina la Sayuni na Shemamah likiwa jina la nchi yake, na hapo Tafsiri ya Muungano imeandika Aliyeachwa kwa la kwanza na Ukiwa kwa la pili. Imejua tofauti, ikaitunza katika sura ya 62, ikaifuta katika sura ya 54.

Pili, masikio ya Kiswahili husikia talaka. Mume "kumwacha" mkewe ni kumtaliki. Hakuna msikilizaji wa Karatu wala wa pwani atakayesikia jambo jingine neno hilo linapowekwa kinyume cha aliyeolewa. Lakini Isaya 50:1 inauliza iko wapi hati ya talaka, na jibu la swali hilo ni kwamba haipo. Bwana anakiri katika 54:7 kwamba alimwacha kwa kitambo kidogo; hakiri kamwe kwamba alimtaliki. Tafsiri inayompa Sayuni hali ya mtalikiwa katika mstari wa kwanza inapingana na hoja ya nabii.

Tatu, nayo ndiyo kasoro kubwa, uzi unakatika ndani ya wimbo wenyewe. Mstari wa 3 unasema juu ya miji iliyo neshammot, umbo la shina lile lile, na hapo wafasiri wameandika ukiwa. Yaani mwanamke wa mstari wa 1 na miji ya mstari wa 3 wana jina moja katika Kiebrania, na majina mawili katika Kiswahili. Asomaye Kiswahili haoni kwamba miji ile itakayokaliwa tena na mwanamke yule anayeimba ni habari moja.

Uzi huo waanzia nyuma zaidi. Katika Isaya 52:14 wengi wanamduwalia Mtumishi wa Bwana, na kitenzi ni shamem. Wanasimama mbele yake kama wapitao wanavyosimama mbele ya mji uliobomolewa. Tena 53:10 humwahidi Mtumishi uzao, na 54:3 huahidi uzao kwa shomemah, kwa neno lile lile la Kiebrania. Aliyepanga sura hizi ziandamane ametuwekea Mtumishi aliyewafanya watu waduwae, na kando yake mwanamke aliye ukiwa. Sisi Walutheri, tuliofundishwa tangu Majadiliano ya Heidelberg ya 1518 kumtafuta Mungu katika mateso na msalaba, tungepaswa kuwa wa kwanza kuutambua uzi huu. Mungu anafanya kazi yake pale ambapo macho ya watu yameona kitisho tu.

Pendekezo letu ni kwamba katika Isaya 54:1 litumike neno mkiwa. Si geni katika Biblia yetu. Mwombaji wa Zaburi 25:16 hujiita hivyo katika Tafsiri ya Muungano. Twakubali kwamba lina udhaifu, kwa maana mahali pengine husikika kama yatima, na mhubiri atalazimika kulifafanua. Lakini udhaifu unaofafanuliwa kwa sentensi moja ni afadhali kuliko talaka ambayo haimo katika maandiko.

4. Ushuhuda wa Tamari

Anayetaka kuhakikisha kwamba shomemah si neno la tumbo la uzazi na asome 2 Samweli 13:20. Tamari binti Daudi, baada ya kutendewa jeuri na Amnoni, alikaa nyumbani mwa Absalomu nduguye, naye anaitwa shomemah. Hapa Tafsiri ya Muungano imeandika ukiwa, na imefanya vema.

Habari za uzazi wa Tamari hazimo katika sura hiyo. Hakuolewa akaachwa. Ukiwa wake una wahusika, na sura inawataja kwa majina: Amnoni aliyemtenda na kumfungia mlango, Absalomu aliyemwambia anyamaze, na Daudi baba yake aliyekasirika sana, kisha asifanye neno. Mwandishi hamlaumu Tamari hata kwa silabi moja. Neno lile lile, katika umbo lile lile, nabii amelichukua akamwekea Sayuni kinywani wimbo. Akiisoma Isaya 54 bila kumkumbuka Tamari, mhubiri hudhani kwamba ukiwa ni hali inayomjia mtu kama mawingu. Tamari hutulazimisha kuuliza: ni nani aliyefunga mlango?

5. Neno hili likisikiwa Buger

Tuanze na nchi. Kutoka 23:29 inasema kwamba Bwana hatawaondoa wenyeji katika mwaka mmoja, nchi isije ikawa shemamah na wanyama wa mwitu wakaongezeka. Mkulima wa kando ya msitu, anayekesha kulinda mahindi yake, huuelewa mstari huu bila mwalimu. Kwake ukiwa si fumbo; ni shamba la jirani aliyehama, lililoota vichaka, ambako nguruwe mwitu wamepata maficho.

Lakini yatupasa tuwe waangalifu, kwa sababu fungu hilo lasema pia juu ya kuwaondoa watu, na swali "nchi hii ni ukiwa machoni pa nani?" lina historia ndefu katika eneo letu. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka vya Mbulu na Karatu ili kufukuza mbung'o na kufungua mashamba. Mwaka 1959 ilianzishwa Hifadhi ya Ngorongoro, na Wamasai waliotolewa Serengeti wakahamia huko. Mwaka 2022 familia kutoka Ngorongoro zilianza kuhamishiwa Msomera, Wilaya ya Handeni, katikati ya mabishano makali. Na kando ya Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, ambao pori ambalo wengine waliliita tupu ni ghala lao na nyumba yao. Mgeni aweza kuiona nchi isiyo na watu kuwa nzuri, na nchi yenye watu kuwa tupu. Ayubu 38:26-27 hutukumbusha kwamba Mungu huinyeshea mvua hata nchi asikokaa mtu. Si kila pasipo na shamba ni laana. Shemamah ni jina la mahali ambapo uhusiano umevunjika, na anayejua kama umevunjika ni yule aliyekuwa akiishi hapo.

Sasa tuje kwa mwanamke. Wazee wa Kiiraqw walikuwa na desturi ya utengo iliyojulikana kama metimani. Mtu aliyeguswa na misiba ya namna fulani, pamoja na mwanamke aliyeharibikiwa mimba, alikaa kando kwa muda. Hakushiriki chakula na majirani wala kuchanganyika nao, kwa hofu kwamba msiba wake ungeambukiza nyumba nyingine. Hatuna haja ya kuwadharau wazee. Walikuwa wakilinda jamii yao kwa elimu waliyokuwa nayo, nao walitambua jambo ambalo sisi huelekea kulisahau: kwamba msiba wa mtu mmoja unaigusa nchi nzima. Lakini tuangalie lililompata mwanamke huyo. Tumbo lake lilikuwa limempa huzuni moja. Majirani walimwongezea ya pili, na ya pili ndiyo shemamah. Njia ya kwenda kwake ikaota nyasi.

Utengo wa namna ile umepungua nguvu, kwa sehemu kwa sababu ya mahubiri ya Kanisa. Je, tumeondoa ukiwa wenyewe? Mwanamke asiyezaa bado huulizwa maswali na mawifi kabla mumewe hajaulizwa lolote. Bado hupitwa anapotafutwa wa kumpakata mtoto wa ubatizo. Bado huketi katika ibada ya siku ya wanawake akisikia akina mama wakisifiwa kwa kuwa ni akina mama. Hakuna mzee aliyemtangazia metimani. Nyasi zimeota hivyo hivyo.

6. Mahubiri juu ya Isaya 54

Mahubiri mengi juu ya sura hii huishia katika ahadi moja: wewe uliye tasa, mwaka huu utapakata mtoto. Tunaelewa huruma iliyomo ndani yake. Lakini tunasema wazi kwamba nabii hakusema hivyo.

Simulizi za Sara na Hana husema kwamba walichukua mimba wakazaa. Isaya 54 haisemi hivyo popote. Katika 49:21 Sayuni, anayejiita galmudah, neno jingine la ukiwa na utasa, anawaona watoto wamemzunguka na kuuliza ni nani aliyemzalia hawa. Hakuwazaa, wamekuja. Ni wana waliotawanyika, wanaorudi nyumbani. Kwa sababu hiyo mstari wa 2 wa sura ya 54 haumwagizi mwanamke kungoja mimba. Humwagiza kupanua hema. Na sura mbili mbele, katika 56:3-5, towashi anayejiita mti mkavu anaahidiwa jina lililo bora kuliko wana na binti. Nabii aliyeandika hayo hawezi kufanywa shahidi wa fundisho kwamba asiyezaa hajabarikiwa.

Hatari ya ahadi ile ni kubwa. Mtoto asipopatikana, mwanamke huambiwa kwamba imani yake haikutosha. Hapo Injili imegeuzwa kuwa Sheria, tena Sheria ambayo mwili wake hauwezi kuitimiza. Alikuja kanisani akiwa tasa, ametoka akiwa tasa na mkiwa, na safari hii aliyefunga mlango ni mhubiri.

Kama ukiwa huanzia kwa wale walioacha kuja, basi neno la Isaya 54 linaanza kutimia watu wanapokuja. Hapa mchungaji na wazee wa kanisa wana kazi isiyohitaji muujiza wa tumbo: kumtembelea nyumbani bila kungoja msiba, kumpa nafasi ya kuwa msimamizi wa ubatizo, kukaa na mume na ukoo wake na kuwasomea Kumbukumbu la Torati 7:14, kumzika kwa heshima ile ile wanayozikwa mama wa watoto kumi. Kumwombea apate mtoto si kosa. Hana aliomba, nasi tutaomba pamoja naye. Kosa ni kuufanya ujio wetu kwake utegemee jibu la ombi hilo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba shomemah hutaja uhusiano uliokatika, si kasoro ya mwili. Kwamba nabii alilitumia makusudi kwa Mtumishi, kwa mwanamke na kwa miji, ili tuvione kwa pamoja. Na kwamba neno aliyeachwa katika Isaya 54:1 limetuzuia kuona. Wakati wa kuirekebisha Biblia yetu utakapofika tena, tunaomba neno mkiwa lifikiriwe. Lakini mchungaji wa Buger hana haja ya kungoja kamati ya wafasiri. Anaweza kulisoma kama lilivyochapwa, akalifafanua kwa sentensi mbili, kisha ibada ikiisha akashika njia ya kwenda nyumba ile ambayo haijatembelewa siku nyingi.